Kumkumbuka Bibi kwa Kweli

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kut. 20:12, 16, Mwa. 9:20–27, Kum. 5:12–15, Kum. 26:5–9, 2 Fal. 5:1–4, Mwa. 35:1–8; Mdo 9:36–41; Mhu. 9:5, 6, 1 The. 4:13–17.

Bibi wa ukoo anapolala mauti, watoto na wajukuu hukesha wakiandika wasifu wake. Mwaka wa kuzaliwa hukadiriwa. Idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu huhesabiwa kwa makini, asije mmoja akasahauliwa. Kisha huandikwa kwamba alipenda watu, alilima kwa mikono yake, alilea yatima, na hakukosa kanisani. Wasifu husomwa mbele ya jeneza, na waombolezaji huitikia kwa kutikisa vichwa.

Katika baadhi ya familia za Tabora, upo mstari mmoja ambao hauandikwi. Ni mstari wa kueleza jinsi mama yake bibi, au bibi yake bibi, alivyofika Tabora. Wazee wanaoujua huinama wakautazama mkeka. Kijana akiuliza, huambiwa, “Hayo ni mambo ya zamani.” Mwanamke ambaye ukoo mzima umetoka tumboni mwake hana mahali pa kuanzia. Anaonekana katika habari za familia akiwa tayari mtu mzima, ana jembe mkononi na mtoto mgongoni, kama vile hakuwahi kuwa mtoto wa mtu.

Juma hili linauliza swali moja: je, kumheshimu mama wa ukoo ni kuifunika njia iliyomleta, au ni kuisema? Biblia ina mengi ya kujibu, kwa kuwa watu wa Mungu wenyewe walikuwa uzao wa watumwa, nao waliagizwa wasisahau.

JUMAPILI
Njia Iliyopita Tabora

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Ujiji ni takriban kilomita 1,200, na watu walizitembea kwa miguu. Wengine walivuka ziwa hadi Manyema, mashariki ya Kongo. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 mahali walipopaita Kazeh, walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga tembe kubwa na kupanda bustani. Miembe iliyopandwa kuifuata njia hiyo imekuwa alama yake hadi leo.

Si kila aliyepita njia hiyo alikuwa mtumwa, na ni haki kulisema hilo. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi huru. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga, na kazi hiyo iliwapa sifa kote Afrika Mashariki. Wengine walisafiri pamoja na wake zao, ambao walibeba vyungu na kupika kambini. Vivyo hivyo, si kila Mmanyema aliyekaa Tabora au Ujiji ni mzao wa mateka.

Hata hivyo, njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliotekwa, na si wote waliofikishwa pwani. Wengi walibakizwa Unyamwezi, wakalima mashamba ya wafanyabiashara na ya wenyeji waliokuwa na mali, hasa wanaume wa hapo walipokuwa safarini. Miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto wengi. Baadhi ya wanawake walifanywa masuria, wakazaa, na watoto wao wakawa koo za mji.

Mambo hayo si ya zamani kama inavyodhaniwa. Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, lakini huku bara utumwa uliendelea. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza. Msichana aliyetekwa mwaka 1885 akiwa na miaka 10 alikuwa na miaka 47 sheria hiyo ilipotoka. Angeweza kuishi hadi kumpakata na kumlisha uji mjukuu ambaye leo, akiwa na miaka 90, naye anazikwa.

Kwa hiyo mstari usioandikwa katika wasifu si hadithi ya mbali. Ni habari za mtu ambaye mkono wake ulimlea marehemu mwenyewe.

JUMATATU
Aibu Hii Ni ya Nani?

Soma Kutoka 20:12, 16. Amri ya tano inaagiza heshima kwa baba na mama. Amri ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo. Je, amri hizi mbili zinaweza kupingana siku ya mazishi?

Wapo wanaosema kwamba kunyamaza ni heshima. Wanaweza hata kuleta ushahidi wa Biblia. Soma Mwanzo 9:20–23. Nuhu alilewa akalala uchi hemani mwake. Hamu aliona akatoka kuwaeleza ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume wasimwone baba yao, wakamfunika. Je, mjukuu anayefunika habari za bibi yake hafanyi kama Shemu na Yafethi?

Hoja hii inastahili jibu la makini. Kwanza, uchi wa Nuhu ulitokana na ulevi wake mwenyewe, lakini utumwa wa mwanamke aliyetekwa haukutokana na kosa lake. Alipokuwa shambani kwa mama yake au kisimani, watu walimjia. Kitendo ni chao, na aibu ni yao. Familia inapoona haya kwa sababu bibi alifanywa mtumwa, inauchukua mzigo wa mwizi na kumtwisha aliyeibiwa. Maneno yenyewe yana uzito hapa: hakuzaliwa ili awe mtumwa wa mtu, alizaliwa mtoto wa Mungu akafanywa mtumwa na watu.

Pili, kosa la Hamu halikuwa kujua. Alimwona baba yake katika hali ya unyonge, akaacha kumsitiri, akaenda kuwasimulia wengine. Yako maneno yanayosemwa ili kumdharau mtu, na yako yanayosemwa ili kumrudishia haki yake. Inasikitisha kwamba kwa karne nyingi watu waliligeuza fungu hili kuwa kibali cha kuwafanya Waafrika watumwa, wakidai Hamu alilaaniwa. Msomaji wa Mwanzo 9:25 ataona kwamba laana ilitamkwa juu ya Kanaani, wala hakuna neno pale linalompa mtu ruhusa ya kumuuza mwenzake.

Tatu, ukimya wa mwanamke mwenyewe usihukumiwe. Mama aliyewaficha watoto wake habari hizi ili waoe na kuolewa bila kutukanwa alikuwa akiwalinda. Katika siku zake kusema kulikuwa na gharama, na yeye ndiye angeilipa. Kwake ukimya ulikuwa upendo. Lakini mjukuu anapaswa kujiuliza, baada ya miaka mingi, ukimya huo sasa unamlinda nani. Mara nyingi haumlindi bibi tena. Unayalinda majivuno ya waliobaki, na unamsitiri yule aliyemteka.

Mathayo alipoandika nasaba ya Kristo, hakumwacha Rahabu, wala Ruthu Mmoabi, wala yule aliyekuwa mke wa Uria (Mt. 1:5, 6). Angeweza kuorodhesha wanaume peke yao, na hakuna ambaye angeshangaa. Mwokozi hakuona haya kuwa na bibi wa namna hiyo.

JUMANNE
Kumbukumbu Inayodai Kitu

Soma Kumbukumbu la Torati 26:5–9. Mwisraeli aliyeleta malimbuko alisimama mbele ya kuhani akiwa na kikapu kilichojaa. Hakuanza kwa kutaja mafanikio yake. Alianza na baba aliyekuwa mtu wa kutangatanga, akaendelea na Misri, kazi ngumu na mateso, kisha mkono wa Bwana uliowatoa. Aliyasema hayo siku ya furaha, mavuno yakiwa mikononi mwake. Mungu alijua kwamba ni wakati wa kushiba ndipo mtu husahau alikotoka.

Zingatia pia Kumbukumbu la Torati 15:12–15. Aliyemwachilia mtumwa hakuruhusiwa kumtoa mikono mitupu. Alipaswa kumpa kutoka katika kundi lake, nafaka yake na divai yake. Sababu iliyotolewa ni kwamba yeye naye alikuwa mtumwa Misri. Hivyo kukumbuka hakukuwa jambo la hisia tu. Kulimgharimu mtu kondoo na debe la nafaka.

Jambo hili linagusa kiini cha imani ya Waadventista. Katika Kutoka 20 Sabato inaelekeza kwa Muumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati 5:12–15 amri hiyo hiyo inasimama juu ya sababu nyingine: mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao, kwa kuwa bwana huyo alikuwa mtumwa naye akakombolewa. Kila Sabato, basi, ni ukumbusho kwamba hakuna binadamu aliyeumbwa ili kufanyishwa kazi bila kupumzika.

Sasa soma 2 Wafalme 5:1–4. Msichana mdogo wa Israeli alitekwa na vikosi vya Waaramu, akawekwa kumtumikia mke wa Naamani. Biblia haitaji jina lake. Imani yake ilimfikisha bwana wake kwa nabii na kwenye uponyaji. Hata hivyo, wema uliotokea hauufanyi utekaji wake kuwa mwema. Mungu alitenda pamoja na msichana aliyedhulumiwa, lakini hakuibariki dhuluma.

Msichana wa namna hiyo hakuishia katika nyakati za Biblia. Inawezekana familia ikalia kwa ajili ya bibi aliyeletwa na msafara, huku uani yupo msichana wa miaka 13 aliyeletwa kutoka kijijini kwa basi. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Mshahara wake huambiwa kwamba “unatunzwa.” Hajui siku ya kurudi kwa mama yake. Na Sabato asubuhi, wote wanapovaa kwenda kanisani, yeye hubaki akipika chakula cha wageni. Nyumba hiyo imetaja habari za bibi kwa midomo, lakini haijamkumbuka. Kumkumbuka kwa kweli kungeanzia uani: mshahara ulipwe, shule irudiwe, mama yake apigiwe simu, na kiti chake kanisani kiwepo.

JUMATANO
Debora, Dorkasi na Halima

Soma Mwanzo 24:59 pamoja na Mwanzo 35:8. Rebeka alipoondoka kwao kwenda kuolewa, mlezi wake alifuatana naye katika msafara wa ngamia. Miaka mingi ilipita bila mlezi huyo kutajwa. Kisha, bila kutazamiwa, Maandiko yanasimama kueleza kwamba Debora, mlezi wa Rebeka, alifariki, akazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli, na mti huo ukaitwa Alon-bakuthi, yaani mwaloni wa kilio. Kifo cha Rebeka mwenyewe hakikusimuliwa. Cha mlezi wake kimeandikwa, na mti ukapewa jina kwa ajili ya machozi yake. Mwanamke aliyekwenda mbali kwa safari ya watu wengine hakuachwa nje ya habari za familia.

Njia ya Tabora nayo ilikuwa na wanawake wa namna hii. Wasomaji wengi wanajua kwamba David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mwaka 1872, na kwamba tembe lake limehifadhiwa kuwa makumbusho. Wanajua pia kwamba alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake waliubeba mwili wake hadi pwani wakipitia Unyanyembe, na Aprili 1874 ukazikwa London. Majina ya Susi na Chuma yametajwa sana. Jina la Halima halijulikani hivyo. Alikuwa mpishi wa msafara huo, na Livingstone mwenyewe aliandika kwa kumsifu, akakusudia kumweka huru na kumnunulia nyumba na shamba Unguja. Alifariki kabla ya kuitimiza ahadi hiyo. Kila jioni ya safari ile ndefu kulikuwa na mtu aliyetafuta kuni, akawasha moto, akapika. Bila wapishi kama Halima, watu hodari wasingekuwa na nguvu ya kubeba kitu.

Je, mtu wa namna hiyo hukumbukwaje? Soma Matendo 9:36–41. Dorkasi alipofariki huko Yafa, wajane hawakumpa Petro hotuba. Walilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Mshono ulikuwa wasifu wake. Kila nguo ilikuwa na mwili uliokuwa umesitiriwa nayo.

Wajukuu wanaotaka kumkumbuka bibi wanaweza kufuata njia ya wajane wa Yafa. Badala ya maneno yanayomfaa marehemu yeyote, waonyeshe kitu alichokifanya: shamba alilolifyeka, mwembe alioupanda, kinu alichotwangia, mtoto wa jirani aliyemnyonyesha pamoja na wake. Na wasiogope kuyataja makosa yake pia, kama alikuwa mkali au alipendelea mtoto mmoja. Mama anayesifiwa kama malaika huwa mgeni kwa wanawe wenyewe.

ALHAMISI
Amelala, na Bwana Anajua Jina Lake

Katika familia pana za Tabora, msibani hukutana watu wa imani mbalimbali. Wapo ndugu wanaoamini kwamba bibi sasa ni mzimu anayeangalia ukoo, na kwamba asipopelekewa tambiko atakasirika. Mwadventista anapaswa kuwajibu kwa upole na heshima, bila kejeli, lakini pia bila kuyumba. Soma Mhubiri 9:5, 6. Wafu hawajui neno lolote. Upendo wao na chuki yao vimekoma. Bibi hasubiri pombe wala damu ya mbuzi. Hawezi kumdhuru mjukuu aliyemsahau, wala hawezi kuzisikia sifa za yule aliyemsifu.

Yakobo anaonyesha jinsi ya kutenganisha maombolezo na ibada ya sanamu. Katika Mwanzo 35:4 aliizika miungu ya kigeni ya nyumba yake chini ya mwaloni wa Shekemu. Mistari minne baadaye, Debora anazikwa chini ya mwaloni mwingine. Familia hiyo iliyaacha matambiko, lakini haikuacha kulia.

Kama wafu hawajui lolote, hapo huzuka swali la haki. Ikiwa bibi hasikii, kuna ubaya gani kuusahau mstari ule mmoja, au kuweka uongo mzuri mahali pake? Nani anaumia?

Jibu la kwanza ni kwamba walio hai huumia. Watoto wanaolelewa juu ya uongo hujifunza kwamba aliyedhulumiwa ndiye wa kuona haya, na kesho watamficha binti yao aliyedhulumiwa. Jibu la pili ni kubwa zaidi. Bibi amelala, lakini Mungu hakulala. Malaki 3:16 inataja kitabu cha ukumbusho mbele za Bwana. Mwanadamu hasemi kweli juu ya wafu ili kuwapendeza wafu. Anaisema kwa sababu yuko mbele za Yeye anayeijua.

Watu waliofanywa watumwa mara nyingi walipewa majina mapya, kama vile Danieli alivyopewa jina la Kibabeli (Dan. 1:7). Danieli alilikumbuka jina lake na likaandikwa. Wanawake wengi walioletwa kwa njia ya misafara hawakupata nafasi hiyo. Yupo bibi ambaye ukoo wake wote humwita kwa jina alilopewa na aliyemnunua. Jina aliloitwa na mama yake jioni ya mwisho, kabla ya kutekwa, halijulikani na mtu yeyote aliye hai.

Lakini Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina (Yn. 10:3). Alimwita Lazaro kwa jina lake, naye akatoka kaburini. Soma 1 Wathesalonike 4:13–17. Parapanda itakapolia, waliolala katika Bwana watafufuliwa, na hakuna kati yao atakayeitwa kwa jina la biashara. Aliyemuumba mwanamke yule tumboni mwa mama yake hakumsahau, na hukumu yake juu ya nuru aliyokuwa nayo ni ya haki. Mengine yote familia inaweza kumwachia Yeye kwa amani.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Waadventista wa mwanzo walikabiliana na utumwa katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1859 Ellen G. White aliwaandikia waumini wa Marekani kwamba wasiitii sheria ya nchi iliyowataka kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake, hata kama kukataa kungewaletea adhabu. Linganisha msimamo huo na Kumbukumbu la Torati 23:15, 16. Imani iliyomtazamia Kristo kurudi haikuwa kisingizio cha kuyafumbia macho mateso ya jirani.

Kuhusu habari za familia, hekima inahitajika. Zianze kuulizwa kwa wazee, faraghani, kwa adabu, na wapewe muda. Habari za ukoo wa mtu mwingine si za kutangazwa na jirani. Mzee akiomba zisisemwe hadharani angali hai, ombi lake liheshimiwe, lakini ziandikwe na kutunzwa. Na familia inapokuwa tayari, mstari ule unaweza kuwa mfupi: kwamba mama yake marehemu aliletwa Tabora akiwa mtoto, kwa nguvu, kutoka kwa watu waliompenda; kwamba alilima, akazaa, akalea; na kwamba wote waliokusanyika hapa ni mavuno yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumsitiri mtu na kuficha dhuluma aliyotendewa? Toeni mifano kutoka katika familia na kanisa, bila kutaja majina.

2. Kumbukumbu la Torati 5:12–15 inaiunganisha Sabato na ukombozi kutoka utumwani. Je, kila anayefanya kazi nyumbani kwa washiriki wa darasa hili anapumzika siku ya Sabato? Ni nini kinachopaswa kubadilika kabla ya Sabato ijayo?

3. Mwadventista amjibu vipi ndugu anayemwalika katika tambiko la bibi, ili imani isiyumbe na undugu usivunjike?

4. Kama wasifu wa bibi ungeandikwa kwa njia ya wajane wa Yafa, ni kitu gani kimoja ambacho kila mjukuu angekileta na kukionyesha?